Mmea Usiohesabu Saa: Uchambuzi wa Kisa cha Nyanya Fupi Chini ya Taa Isiyozimwa

Vyungu vilikuwa vitatu na mbegu ya aina moja, Micro-Tom, zilizosiwa siku moja ndani ya hema dogo la kukuzia mimea, lenye taa ya LED na feni ya kutoa hewa. Mwenye hema hakuwahi kulima chochote kabla ya hapo. Nyanya hii aliichagua kwa sababu za maana: haizidi sana sentimita 20 kwa urefu, haihitaji mti wa kuegemea, na tangu mbegu hadi tunda la kwanza kuiva huchukua kama siku 70 hadi 90. Zaidi ya hayo alikuwa amesoma kwamba mmea huu huchanua kwa umri wake wala hautegemei urefu wa mchana, kwa hiyo anayelima ndani hana haja ya kusumbuka na ratiba ya mwanga.

Wiki ya tatu ilipokuwa inaisha aliniandikia: "Kaka, mbona majani yanalegea na mimi namwagilia kila siku? Sasa yameanza mabaka ya njano. Nimeweka magnesiamu, naona hali ni ileile."

Nilimwomba anipigie picha za kila chungu peke yake, jani la chini, jani la juu, na sehemu ya chini ya chungu chenyewe. Ombi hilo la mwisho lilimshangaza. Ndilo lililotufaa kuliko mengine yote.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu hakuna uzembe hata kidogo ndani yake. Dada huyu alisoma, akanunua vifaa vinavyofaa, akafuata alichosoma. Kila alilofanya lilikuwa na sababu, na karibu kila sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Watu wengi wanaoanza kulima ndani hupotea hivyo hivyo, wakiwa na bidii zote, kisha huishia kuamini kwamba hawana mkono wa mimea. Hilo linaniuma, kwa sababu tatizo huwa ni jambo linaloweza kuelezwa.

Kilichoonekana

Vyungu viwili vilikuwa vya plastiki, vikubwa, kila kimoja kimekaa ndani ya kisahani. Cha tatu kilikuwa cha udongo wa kuchoma, kidogo kuliko vyote, kisicho na kisahani, kimeinuliwa juu ya vijiti viwili. Hakukuwa na mpango wowote katika hilo. Vile vya plastiki vilinunuliwa viwili tu. Udongo ulikuwa mmoja, ule wa mfuko unaouzwa tayari umechanganywa na mboji na mbolea.

Katika vyungu vya plastiki vikonyo vya majani vilikuwa vimeinama kuelekea chini, jani zima limejikunja kama kucha za ndege, lakini ngozi ya jani ilikuwa ngumu na imejaa maji. Uso wa udongo ulikuwa mweusi na wa kung'aa, kuna ukungu wa kijani pembezoni, na kwenye picha moja wanaonekana vinzi wadogo weusi wametua ukingoni. Kisahani kilikuwa na maji. Chungu cha udongo kilikuwa tofauti: majani yamesimama, vikonyo vimenyooka, uso wa udongo umekauka.

Lakini mabaka ya njano yalikuwa kwenye vyungu vyote vitatu. Yalikuwa madoadoa yasiyo na mpangilio katikati ya mishipa ya jani, mishipa yenyewe ikibaki ya kijani, na yalionekana zaidi kwenye majani yaliyokwisha kukomaa.

Taa ilikuwa inawaka saa 24 kwa siku tangu mche wa kwanza ulipochomoza.

Magonjwa mawili, si moja

Anayeanza hutazama mmea unaoumwa akatafuta sababu moja. Hapa dada aliona majani yamelegea na yana njano, akayaunganisha, akatafuta upungufu wa kirutubisho unaofanana na hayo, akaupata wa magnesiamu. Si kwamba alibahatisha ovyo. Upungufu wa magnesiamu kweli huleta njano katikati ya mishipa, na kweli huanzia kwenye majani ya zamani.

Ila chungu cha tatu kinakataa maelezo hayo. Chungu hicho kina mabaka lakini hakijalegea. Basi kulegea na mabaka havitoki mahali pamoja. Kile kinacholegeza kipo kwenye vyungu vya plastiki tu. Kile kinacholeta mabaka kipo hema zima. Ukishalitenganisha jambo hivyo, nusu ya kazi imekwisha. Vilevile udongo uliotiwa mbolea kiwandani haupungukiwi magnesiamu baada ya wiki tatu za mche wenye majani machache. Mmea mdogo kiasi hicho haujala bado cha kutosha kumaliza chakula cha chungu kizima.

Kulegea ni suala la maji, na ni maji mengi. Nyanya ndiyo mmea ambao watafiti wameuchunguza sana kwa jambo hili. Mizizi inapozama, nafasi za hewa katika udongo hujaa maji na oksijeni huisha. Mzizi usio na oksijeni hutengeneza kemikali iitwayo ACC lakini hauwezi kuimalizia, kwa kuwa hatua ya mwisho inahitaji oksijeni. Kemikali hiyo hupanda na maji hadi kwenye majani, na huko, kwenye hewa tele, inageuka kuwa gesi ya ethilini. Ethilini hufanya upande wa juu wa kikonyo urefuke haraka kuliko wa chini, na jani linainama. Bradford na Yang walilionyesha hilo kwa nyanya mwaka 1980. Ndiyo maana jani lililoinama kwa mafuriko huwa gumu ukilishika, na lile lenye kiu huwa laini na jembamba kama kitambaa. Kwa macho yanafanana. Kwa vidole hayafanani kabisa.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Jani limeinama, mtu anaona kiu, anaongeza maji, jani linazidi kuinama. Dada alipoambiwa alishike jani alijibu baada ya muda mfupi tu: "Ni gumu. Halafu la chungu kidogo ni gumu pia lakini limesimama."

Kwa nini vyungu vikubwa ndivyo vilivyozama? Ushauri wa kusia nyanya fupi moja kwa moja kwenye chungu chake cha mwisho ni mzuri, na ninauunga mkono. Mmea wa maisha mafupi hupoteza siku kadhaa kila unapohamishwa. Lakini chungu kikubwa chenye mche mdogo kina udongo mwingi ambao mizizi haijaufikia. Maji ya huko hayanywewi na mtu. Hukauka polepole mno, hasa kwenye plastiki, na ukimwagilia kila siku kama vile mmea umejaza chungu, unalima kinamasi. Ukisia kwenye chungu kikubwa, maji ya wiki za mwanzo yamwagwe duara dogo kuzunguka shina tu, na duara hilo lipanuke kadiri majani yanavyopanuka. Chungu cha udongo wa kuchoma kilimwokoa mche wa tatu kwa sababu kuta zake hupitisha unyevu na kisahani hakikuwepo.

Taa

Sasa mabaka.

Nilipomuuliza kuhusu saa 24 alikuwa na jibu tayari, na lilikuwa jibu la mtu aliyefikiri. Mmea huu hauhesabu saa, alisema. Kama hauhitaji giza ili uchanue, giza la nini? Mwanga zaidi ni chakula zaidi. Ushauri wa namna hiyo upo wazi miongoni mwa wanaolima mimea mingine inayochanua kwa umri, bangi zenye asili ya ruderalis (bangi ya mwituni) zikiwamo, ambako kuwasha taa saa 18 mpaka 24 ni kawaida. Aliuchukua kutoka huko akauleta kwenye nyanya.

Sehemu ya kwanza ya hoja yake ni kweli. Mwaka 1920 Garner na Allard wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walichapisha kazi yao juu ya tumbaku ya Maryland Mammoth, iliyokataa kuchanua mpaka siku ziwe fupi, na tangu hapo mimea imegawanywa kati ya ile ya siku fupi, ile ya siku ndefu, na ile isiyojali urefu wa siku. Nyanya ya kulimwa imo katika kundi hilo la tatu. Itachanua ukiipa saa 12 au 16.

Lakini kutojali urefu wa siku ni habari ya maua peke yake. Jani lina saa yake, na saa hiyo haikuzimwa. Nyanya ni mmoja wa mimea inayojulikana kwa kuumia inapowashiwa taa mfululizo. Biringanya naye yumo. Jani hupata mabaka ya njano katikati ya mishipa, hudumaa, na uwezo wake wa usanisinuru hushuka. Hili limejulikana tangu miaka ya 1920. Letesi huvumilia mwanga wa mfululizo vizuri, kwa hiyo huwezi kuchukua kanuni ya mmea mmoja ukaipeleka kwa mwingine kwa sababu tu yote miwili imo kwenye hema.

Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walitoa ripoti iliyonipa heshima kubwa kwa nyanya pori. Baadhi ya jamaa za mwituni za nyanya huvumilia mwanga wa saa 24, na uvumilivu huo waliufuata hadi kwenye jeni moja, CAB-13, katika kromosomu ya 7. Nyanya ya kulimwa inayo jeni hiyo lakini inafanya kazi kwa udhaifu. Walipoirudisha kwa njia ya kuzalisha, mavuno chini ya mwanga wa mfululizo yaliongezeka kwa hadi asilimia 20. Yaani wazo la dada la kupata zaidi kutoka saa 24 si upuuzi hata kidogo. Ni wazo sahihi kwa nyanya ambayo yeye hakuwa nayo.

Kilichomsadikisha zaidi, hata hivyo, kilikuwa hesabu. Kipimo cha mwanga alichopata karibu na majani kilikuwa kama mikromoli 300 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde za saa 24, unapata karibu moli 26 za mwanga kwa siku (moli ni mikromoli milioni moja). Kwa saa 16 unapata moli 17 na kidogo. Alihofia kwamba kuzima taa saa 8 ni kuutupa mwanga wa theluthi nzima. Lakini taa yake ilikuwa imepunguzwa. Ilikuwa na nguvu ya kutosha kufikia mikromoli 450. Kwa saa 16, 450 zinatoa moli zile zile 26. Mmea unapata mwanga ule ule wa siku na usiku wake umerudi. Hakupoteza chochote. Moli 26 kwa siku hazina shida yoyote kwa nyanya. Kilichoumiza ni kutokuwa na mwanya.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo mengi huliruka. Taa isiyozimwa huweka pia joto lisilobadilika, na kwa nyanya joto lisilobadilika huongeza madhara ya mwanga wa mfululizo. Majaribio ya kushusha joto kwa saa kadhaa kila siku, taa ikiwa bado inawaka, yamepunguza mabaka. Hema lake lilikuwa nyuzi 26 mchana na usiku, na yeye alijivunia uthabiti huo. Nami ningejivunia, kwa kifaranga.

Tulichofanya, na tulichokataa kufanya

Taa iliwekewa kipima muda: saa 16 kuwaka, 8 kuzima. Nguvu yake ilipandishwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, si kwa mkupuo, maana jani lililokwisha kuumia halistahimili ongezeko la ghafla. Visahani viliondolewa, vyungu vikainuliwa juu ya vijiti, maji yakasimamishwa mpaka chungu kiwe chepesi mkononi. Kukinyanyua chungu ni kipimo ninachokiamini kuliko kuchomeka kidole, kwa sababu kidole hakifiki chini ambako mafuriko yapo.

Mbolea ilisimama kabisa. Alitaka kuusuuza udongo kwa maji mengi ili kuondoa ile magnesiamu ya ziada, nikamkatalia. Kusuuza kunafaa pale chumvi imezidi na mizizi ina hewa. Hapa mizizi ilikuwa imekosa hewa. Lita kadhaa za maji juu yake zingekuwa mafuriko mapya kwa jina la tiba.

Alitaka pia kuihamishia miche miwili kwenye vyungu vya udongo kama kile cha tatu. Hilo lilinifikirisha zaidi. Kwa nyanya ndefu ningekubali bila kusita, kwa sababu nyanya ndefu huendelea kurefuka na kutoa vishada vya maua muda wote hali zikiruhusu, na wiki mbili za kudumaa huzifidia. Nyanya fupi haina nafasi hiyo. Nyingi za nyanya fupi za leo zinatokana na badiliko la jeni lililoonekana Florida mwaka 1914, ambalo hupunguza idadi ya majani kati ya kishada na kishada mpaka shina linajifunga lenyewe kwa kishada cha mwisho. Micro-Tom, iliyotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1989, inayo tabia hiyo, na juu yake ina ufupi wa kuzaliwa. Ikifika umri wake itachanua, iwe na majani makubwa au madogo. Mche wa wiki tatu uliobakiwa na takriban wiki mbili kabla ya maua haufai kukatwa mizizi. Tukaiacha ilipo.

Majani yaliyokuwa na mabaka hayakupona, na nilimwonya mapema asiyatarajie. Ukitaka kujua kama tiba imefanya kazi tazama jani linalozaliwa baada ya tiba, usitazame lililoumia kabla. Jani la kwanza kufunguka baada ya usiku kurudi lilikuwa la kijani safi katika vyungu vyote vitatu. Katika vyungu vya plastiki vikonyo vilianza kuinuka udongo ulipokauka. Vinzi walipungua vyenyewe, kwa sababu viluwiluwi vyao huishi kwenye tabaka la juu lenye unyevu, na tabaka hilo sasa lilikuwa kavu.

Magnesiamu haikuongezwa, na jani jipya lilikuja safi bila hiyo. Hapo dai la upungufu lilikufa.

Maua yanayodondoka

Nilidhani kisa kimeishia hapo. Miche ikachanua kwa umri wake kama ilivyopaswa, hata ile miwili midogo isiyozidi urefu wa kiganja, kisha maua ya mwanzo yakaanza kuanguka bila kufunga tunda. Safari hii dada hakutafuta kirutubisho. Aliandika: "Nimepima unyevu wa hewa usiku, unafika asilimia 85. Ni kwa sababu tumezima taa?"

Ndiyo. Taa ilipozimwa joto lilishuka, na hewa iliyopoa hushikilia mvuke kidogo, kwa hiyo kipimo cha unyevu kinapanda. Naye alikuwa ameunganisha feni na kipima muda kile kile cha taa, hivyo feni nayo ililala. Tuliirudisha feni iwe inazunguka mchana na usiku, na unyevu ukashuka hadi kati ya asilimia 60 na 70, ambako chavua ya nyanya hutoka vizuri. Ikizidi 80 chavua hushikamana na haimwagiki.

Ila hata chavua kavu inahitaji kutikiswa. Ua la nyanya lina dume na jike pamoja na hujichavusha lenyewe, lakini chavua imefungwa ndani ya koni ya manjano na hutokea tunduni kwa mtikisiko. Nje kuna upepo na nyuki wanaovuma juu ya ua. Kwenye mabanda makubwa ya nyanya, nyuki-bambi, wale nyuki wanene wenye manyoya, walianza kutumika kibiashara mwaka 1987 huko Ubelgiji, na kabla ya hapo wafanyakazi walipita na vitikisio mkononi. Ndani ya hema hakuna upepo wa kweli wala nyuki. Mswaki wa umeme ukigusishwa kwenye kikonyo cha kishada, nyuma ya ua na si kwenye ua lenyewe, kwa sekunde mbili tatu, unatosha. Alifanya hivyo kila siku saa chache baada ya taa kuwaka, na aliniambia aliona vumbi jepesi la njano likidondoka kwenye kucha ya kidole gumba alichokinga chini. Kuanzia hapo vishada vilifunga.

Matunda

Chungu cha udongo kilizaa vizuri kuliko vyote, kikiwa kidogo kuliko vyote. Kimoja cha plastiki kilizaa kwa kiasi. Cha pili kilitoa matunda machache, na mawili yakawa na kitako cheusi kilichobonyea. Kuoza kitako ni tunda kukosa kalsiamu, na dukani utauziwa kalsiamu. Lakini kalsiamu huenda na maji yanayovutwa na mizizi, na mmea huu ulikuwa na mizizi michache. Alipoung'oa mwisho wa msimu, mizizi ilikuwa imekaa theluthi ya juu ya chungu, na chini yake kulikuwa na udongo ambao haujawahi kuguswa. Kunyunyizia kalsiamu kusingeuumba mzizi uliokufa wiki ya pili.

Msimu wa pili ameuanza kwa vyungu vitatu vya udongo, feni na taa kila kimoja na kipima muda chake, na mizani ya jikoni kando ya hema kwa ajili ya kupima uzito wa chungu kabla ya kumwagilia. Ameniuliza kama apunguze maotea ya pembeni. Kwa nyanya fupi hapana. Idadi ya vishada imeshapangwa, na kila chipukizi unalokata limebeba kishada chake.